Enanga na Gridi ya Kompyuta

Siku ya wazazi, mwezi wa tano, wengi wenu mlisikia enanga ikilia katika bwalo letu na ngoma ikiifuata nyuma. Tangu siku ile nimeulizwa swali moja na watu wasiopungua kumi: mbona ngoma ile mara ilikwenda pole, mara ilikwenda mbio, kama kwamba mpigaji hakuijua kazi yake? Mhariri wa jarida letu ameniomba nijibu kwa maandishi, nami nafanya hivyo kwa furaha. Mpigaji anaijua kazi yake sana, na jambo lenyewe lilitugombanisha katika chama chetu cha sauti kwa majuma matatu.

Kwanza yafaa nieleze gridi ni kitu gani, na msomaji asidhani kuwa nasema habari za gridi ya taifa iletayo umeme. Katika chumba cha kompyuta tunayo programu iitwayo Audacity. Ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni pamoja na mwalimu wake Roger Dannenberg, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, na watu wakaanza kuipata mwezi wa Mei, 2000. Ukirekodi sauti ndani yake, sauti hiyo yaonekana kwenye kioo kama mlolongo wa vilima na mabonde. Waweza kuikata vipande, kisha kila kipande ukakishika kwa kipanya na kukisogeza mbele au nyuma. Tangu toleo la 3.4 lililotoka mwaka 2023, kioo hicho chaweza kugawanywa kwa mistari ya mapigo na baa za muziki. Mistari hiyo ndiyo gridi.

Sasa kuna sehemu iitwayo snapu. Ikiwa imezimwa, kipande kinakaa popote unapokiacha. Ukiiwasha, kipande hakina uhuru tena: ukikisogeza, kinaruka na kunata juu ya mstari ulio karibu, kama msumari uliovutwa na sumaku. Ukubwa wa hatua wauchagua wewe mwenyewe: baa nzima, robo, thumuni, au sehemu moja ya kumi na sita. Ukitaka waweza kuacha muziki kabisa ukatumia sekunde na sehemu zake, au hata picha za filamu, 24 au 25 kwa kila sekunde.

Jambo hili ni jema, wala sitaki mtu afikiri kuwa nalipinga. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu, ambaye ndiye fundi wetu hasa, ndiye aliyetufundisha faida yake, naye alitufundisha kwa hesabu. Tuseme wimbo unakwenda mapigo 100 kwa dakika. Kila pigo ni sekunde 0.6, na mapigo manane ni sekunde 4.8. Ukikata kipande cha ngoma cha mapigo manane ili ukirudierudie, nawe ukakikata kwa jicho tu, yamkini kitatoka sekunde 4.83. Mara ya kwanza hakuna masikio yatakayotambua. Lakini ukikirudia mara 20, zile sehemu ndogo zimekuwa sekunde 0.6, yaani pigo zima, na waimbaji wamo mahali pamoja na ngoma iko mahali pengine. Snapu inaponya ugonjwa huo mara moja. Matangazo yetu ya asubuhi yamepangwa kwa gridi, kadhalika na kile kibwagizo cha michezo mnachokipenda. Muziki wa vijana wa siku hizi karibu wote umejengwa juu yake. Hata singeli ya Dar es Salaam, ambayo huenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, isingeweza kusimama bila mistari hiyo.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko Audacity. Roger Linn wa Marekani alipotoa mashine yake ya ngoma iitwayo LM-1, mwaka 1980, mtu akibonyeza pigo likaangukia kando kidogo, mashine yenyewe ililisogeza mpaka mahali pake. Lakini Linn huyo huyo aliweka katika mashine ile njia ya kuyachelewesha mapigo ya katikati, ili mwendo uyumbe kidogo kama wa mtu. Nadhani alijua jambo ambalo sisi tulikuwa bado kulijua.

Basi niseme habari za mzee. Hapa Kagondo, si mbali na uzio wa shule, anakaa mzee mmoja apigaye enanga. Kwa wale waliotoka mikoa mingine, enanga ni ubao uliochimbwa kama kihori kidogo, na juu yake nyuzi zimepitishwa huko na huko. Mpigaji huulaza na kuzigusa nyuzi kwa vidole huku akiimba hadithi. Si wimbo wa kuchezea tu. Katika nchi ya Wahaya hadithi za mashujaa, kama ile ya Kachwenyanja, zilihifadhiwa katika enanga, na Profesa M. M. Mulokozi aliandika tasnifu nzima juu ya tendi hizo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Wengi wetu tuliozaliwa huku twazijua nyimbo za Saida Karoli, zilizoenea nchi nzima tangu mwaka 2001 ingawa ni za Kihaya, lakini enanga yenyewe twaisikia mara chache, na wapigaji waliobaki ni wazee.

Mwalimu wetu alikwenda kumwomba, naye akakubali kurekodiwa nyimbo tatu, kwa sharti moja: kabla ya kuwapigia watu, lazima kwanza asikie mwenyewe. Tulikwenda watatu na mwalimu, tukirekodi kwa simu ya mwalimu, maana sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu. Tulikaa uani chini ya migomba, mbali na barabara. Alipiga wimbo wa kwanza kwa dakika sita bila kusita, habari za mtu aliyemtuma mdogo wake vitani, na mjumbe aliyerudi peke yake.

Tuliporudi shuleni ikawa kazi ya kuongeza ngoma. Mpigaji wetu alikuwa amekwisha kurekodi ngoma yake katika chumba cha kompyuta, akisikiliza kigongo cha metronomu kilichowekwa mapigo 100 kwa dakika. Ilikuwa imenyooka kama uzi. Lakini tulipoiweka chini ya enanga, havikupatana hata kidogo. Mimi nikachukua saa nikayahesabu mapigo ya mzee. Mwanzo alikwenda kama mapigo 92 kwa dakika. Vita vilipopamba moto alifika 108. Mjumbe alipokaribia nyumbani alirudi chini ya 90.

Fundi wetu akasema dawa ni moja: tumkate mzee vipande, kila msemo kipande chake, kisha tuwashe snapu ya robo, na kila kipande kitajipeleka chenyewe kwenye pigo lililo karibu. Mimi nilisema kuwa mwenye kufuatwa ni mzee, si ngoma. Tulipiga kura, kama ilivyo desturi ya chama chetu. Watano walikuwa upande wa gridi, wawili tukabaki. Kazi ikafanyika usiku mmoja wakati wa kujisomea, vipande 71, na kwa kweli ilipomalizika ilisikika safi sana. Ngoma na enanga zilitembea pamoja kama askari wa gwaride. Wenzangu walifurahi. Mimi nilikuwa na wasiwasi, lakini sikuweza kuonyesha kwa kidole ni wapi pameharibika.

Jumamosi tukampelekea mzee kwa kompyuta mpakato ya mwalimu. Tukamwamkia, "Shikamoo, Babu," akaitikia, akaweka kiti karibu, akainamisha kichwa kusikiliza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Huyu amejifunza wimbo wangu vizuri. Ni mtoto wa nani?"

Tukatazamana. Mwalimu akamwambia, "Mzee, ni wewe mwenyewe." Akacheka kidogo akidhani ni mzaha, halafu akaomba arudishiwe sehemu ya mjumbe. Akasikiliza mara mbili. Hakucheka tena. Akasema, "Mjumbe anapofika, mimi hungoja. Mtu hawezi kuleta habari ya kifo bila kungoja. Huyu wenu hangoji." Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno lililotutia baridi sote: "Kama ni huyu mtakayewapigia watu, pigeni, lakini msitaje jina langu."

Zilikuwa zimebaki siku 16 kabla ya siku ya wazazi. Karatasi ya ratiba ilikuwa imekwisha chapwa na jina la mzee limo. Lakini si ratiba iliyonisumbua usingizi. Mzee ana miaka themanini na kitu, na vidole vyake vimeanza kuwa vigumu. Alituambia mwenyewe kuwa wimbo ule hatauweza tena kwa urefu ule. Kama tungemwachia mtu asiye na jina kukaa mahali pake katika faili, basi huyo ndiye ambaye wajukuu zake wangemsikia.

Nilikaa jioni mbili nikilinganisha rekodi ya kwanza na ile iliyonatishwa, nikapata yaliyompata mzee. Kwa mapigo 100 mistari ya robo imeachana sekunde 0.6. Kwa hiyo snapu yaweza kukihamisha kipande hadi sekunde 0.3, mbele au nyuma. Mtu atasema 0.3 ni kitu gani? Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Basi sekunde 0.3 ni mita 102. Simama golini katika kiwanja chetu, mwenzako aupige mpira katika goli la upande wa pili: utaona mguu, kisha baadaye ndipo utasikia kishindo. Nafasi ile ndiyo iliyokuwa ikiingizwa au kuondolewa kati ya neno moja la mzee na jingine.

Na mahali pa mjumbe palipatwa na msiba mara mbili. Katika rekodi ya asili, baada ya uzi wa mwisho kulia, mzee alinyamaza kwa sekunde 1.4. Kipande cha kabla yake kilikuwa kimesogezwa mbele sekunde 0.2 ili kinate, na kipande cha baada yake kimerudishwa nyuma 0.28, nacho kinate. Hakuna aliyekusudia kugusa ukimya ule, maana hakuna aliyeushika kwa kipanya. Lakini ukimya ukabaki sekunde 0.92. Karibu nusu sekunde ya kungoja ilikuwa imeliwa, na pale ndipo mzee alipojikosa.

Nikagundua na jambo la pili, ambalo nawaomba wenzangu wa chama walishike sana. Snapu haijui pigo liko wapi ndani ya kipande. Yenyewe yajua ukingo wa kipande tu. Ukiwa umekata kipande ukiacha pumzi ya mwimbaji mbele ya neno, basi kinachokaa juu ya mstari ni pumzi, na neno linachelewa. Ukikata baada ya pumzi, neno linakaa juu ya mstari lakini mwimbaji anakuwa mtu asiyepumua. Kwa ngoma si tatizo kubwa, kwa kuwa pigo la ngoma huanza ghafla kama kilima kilichosimama wima, nawe waweza kukata pale pale kilima kinapoanzia. Sauti ya mtu haina mahali pa namna hiyo. Zamani watengenezaji wa vipindi vya redio walikata utepe kwa wembe, na utepe uliokwenda sentimita 19 kwa sekunde ulimpa mtu karibu sentimita 2 kwa kila sehemu ya kumi ya sekunde. Aliuvuta kwa mkono huku na huku mbele ya kichwa cha mashine mpaka masikio yake yasikie neno linapoanza. Hakuwa na mstari wa kumwita.

Lingine ni hili. Audacity ukiifungua tu, kabla hujafanya lolote, imekwisha kuamua kuwa muziki ni mapigo 120 kwa dakika, manne kwa kila baa. Nani aliyeyasema hayo? Mzee wa Kagondo hakuulizwa. Sisi tuliibadilisha kuwa 100, tukadhani tumemuuliza, kumbe tuliiuliza ngoma yetu.

Nilipoyaleta mahesabu hayo mbele ya chama, fundi wetu aliyatazama kwa makini, akaifungua rekodi ya kwanza akaupima ukimya yeye mwenyewe, akasema, "Ni kweli, 1.4." Hakubishana tena. Namsifu kwa hilo, maana kazi ya vipande 71 ilikuwa ya mikono yake.

Tukaamua hivi. Rekodi ya mzee tuliirudisha nzima, bila kukatwa hata mahali pamoja, hata kikohozi chake cha mwanzo tukakiacha. Snapu ikazimwa. Ngoma ya metronomu ikawekwa kando. Kisha mpigaji wetu akavaa hedifoni za waya, akamsikiliza mzee masikioni, akapiga upya akimfuata. Siku ya kwanza alishindwa, kwa sababu alikuwa akimtangulia mzee kila mahali pa kungoja. Siku ya pili akajifunza hadithi kwanza, akaulizia maana ya maneno asiyoyajua, maana yeye si Mhaya, ni mtu wa Mara. Alipoijua hadithi alijua mahali pa kunyamaza. Mara ya nne ndiyo mliyoisikia.

Hapo pana mtego mmoja wa kompyuta ambao lazima niutaje. Ukirekodi huku ukisikiliza, sauti mpya inaingia imechelewa kidogo, kwa sababu kompyuta inahitaji muda wa kuitoa na kuipokea. Audacity inajua hivyo, nayo huirudisha nyuma sauti mpya kwa milisekunde 130 ikiwa hukuiambia vingine. Lakini kompyuta hazifanani. Yetu ilihitaji zaidi. Tulipima kwa kucheza mlio wa kigongo, tukaweka hedifoni karibu na maikrofoni, tukarekodi mlio ule ule, kisha tukatazama kwenye kioo milio miwili imeachana kiasi gani. Katika kazi hiyo tuliivuta picha mpaka vilima vikaonekana vikubwa, na huko gridi ya sekunde ilitusaidia sana kusoma.

Kwa kayamba tulitumia njia nyingine. Aliyekuwa akipiga kayamba alikuwa amelazwa hospitali kwa malaria, nasi tulikuwa na rekodi yake fupi tu. Basi mimi nilimsikiliza mzee kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kila pigo lilipolia nikabonyeza kitufe cha kuweka lebo. Ikatokea safu ya alama chini ya wimbo, nyingine zimesongamana, nyingine zimeachana, kama migomba katika kibanja cha bibi yangu, ambapo kila mgomba umeota palipokuwa na mama yake, wala hapana kamba iliyovutwa. Kisha vipande vya kayamba tukavisogeza kimoja kimoja mpaka kwenye alama zile. Ilichukua jioni tatu. Gridi ingefanya kwa dakika kumi.

Tulimpelekea mzee tena siku nne kabla ya sherehe. Alisikiliza akiwa ameshika enanga mapajani. Alipofika mahali pa mjumbe, vidole vyake vilinyanyuka juu ya nyuzi vikangoja, na sauti ya kompyuta nayo ikangoja, kisha vikashuka pamoja. Akamuuliza mpigaji ngoma ametoka wapi. Alipoambiwa Mara, akasema, "Huyu anasikiliza." Kuhusu jina lake hakusema neno, ila alipotusindikiza njiani alituuliza ni saa ngapi hasa itapigwa siku hiyo, maana binti yake angekuja kutoka Muleba.

Ninyi mliouliza kwa nini ngoma ilikuwa mara pole mara mbio, sasa mnajua ilikuwa ikimfuata nani. Wimbo wa pili tumeukamilisha kwa njia ile ile. Wa tatu bado. Sisi wa kidato cha nne tunaanza mtihani mwezi wa Novemba, na mpigaji ngoma ni mmoja wetu, kwa hiyo kazi hiyo anabaki nayo fundi wa kidato cha tatu. Faili limo katika kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, ndani ya folda iliyoandikwa Enanga. Rekodi za asili ni za WAV na zimefungwa zisibadilishwe. Msizigeuze kuwa MP3 wakati wa kupanga, maana MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni na vipimo vyote vitahama. Katika wimbo wa tatu mzee anangoja mahali pawili. Nimeweka lebo.